Anayewafariji wengine, yeye hufarijiwa na nani? Uzi kuhusu vikundi vya kusaidiana kiroho vya viongozi transijenda weusi wa Marekani

#1. Mwanzisha uzi (Oakland, California)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kila Jumatatu jioni, kwa mwaka wa nne sasa, ninafungua ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa moja hapa Oakland, ninapanga viti tisa kwa mviringo, ninaweka mezani sufuria ya maharage na nyingine ya mboga za majani, halafu ninatoka na kukaa jikoni mpaka kikao cha mle ndani kiishe. Mimi ni muuguzi, nimezaliwa Moshi na kulelewa katika Ulutheri, na katika mviringo ule sina kiti, kwa sababu wanaoketi ni viongozi transijenda weusi pamoja na wenzao Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini), ambao wamekubaliana kwamba saa mbili zile ni zao peke yao. Nitakayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona mlangoni na jikoni, pamoja na jambo moja ambalo mwenyewe aliniruhusu kulisimulia.

Kwa msomaji ambaye neno hili ni geni kwake, mtu transijenda ni yule ambaye nafsi yake inajitambua kwa jinsia tofauti na ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Wapo waliofanyiwa upasuaji, na wapo wengi ambao hawakufanyiwa. Viongozi ninaowazungumzia si watu wenye ofisi kubwa. Ni wale wanaoendesha nyumba za hifadhi, wanaowasindikiza wenzao mahakamani na hospitalini, wanaowaandikia barua waliofungwa, na ambao simu zao huita saa tisa za usiku kijana anapofukuzwa nyumbani.

Waswahili wengi tulioko huku tunafanya kazi hospitalini na katika nyumba za wazee, tunakutana na watu hawa, na mara nyingi tunadhani kwamba habari yao na dini ilikwisha siku walipoondolewa kanisani. Haikwisha. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani mwaka 2015, ambao ulijibiwa na watu 27,715, ulionyesha kwamba kati ya waliowahi kuwa katika jumuiya ya dini, asilimia 19 waliondoka kwa sababu ya kukataliwa, na kwamba kati ya hao walioondoka, asilimia 42 walikuja kupata jumuiya nyingine iliyowapokea. Hiyo takwimu ya pili ndiyo inayonigusa zaidi, kwa maana inawahusu watu waliofungiwa mlango na bado wakaenda kubisha hodi kwingine. Na huko kwingine, aliyewafungulia wakati mwingine ni mmoja wa hawa viongozi, ambaye naye alifungiwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba, mmoja wao alifika akiwa bado amevaa viatu vya mazishini, na kwapani ameshika bahasha yenye ratiba za ibada zilizobaki. Familia ya marehemu ilikuwa imechapisha jina alilopewa utotoni, jina la kiume ambalo hakuna rafiki yake hata mmoja aliyewahi kumwita kwalo. Dada huyu, ambaye ndiye aliyeitwa kumtambua marehemu mochwari, ndiye aliyezungumza na waandishi wa habari, na ndiye aliyechangisha fedha za jeneza, alikesha akiandika kwa mkono jina ambalo marehemu alijichagulia, chini ya lile lililochapishwa, katika nakala 120. Hakulifuta jina la familia, kwa sababu, aliniambia, mama wa marehemu naye alikuwa amefiwa. Kidole chake cha kati kilikuwa na doa la wino mweusi. Aliponiona nikilitazama doa lile, alinieleza kwamba ibadani alisoma somo, akaimba, akamshika yule mama asianguke, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajalia bado. Kisha akaingia ndani. Baada ya muda nikasikia kilio kutoka ukumbini, kirefu, kama kile tunachokisikia kwetu msibani jeneza linapoingia uani, na hakuna aliyekikatisha.

Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze: kwamba kiongozi anahitaji mahali ambapo haongozi, na kwamba kumpatia mahali hapo ni kazi ya kiroho kama kazi nyingine yoyote ya kanisa au msikiti. Ninamkumbuka Eliya chini ya mretemu, katika sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza. Nabii alikuwa amewashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, na muda si mrefu baadaye akawa jangwani anaomba afe. Malaika hakumhubiria wala hakumkumbusha wajibu wake. Alimwekea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale tena, kisha akarudi mara ya pili.

Wenyewe wana historia ndefu ya imani, ingawa haisimuliwi sana. Marsha P. Johnson, ambaye mwaka 1970 alianzisha kikundi cha STAR jijini New York pamoja na Sylvia Rivera ili kuwapa vijana wa mitaani mahali pa kulala, alilelewa katika Kanisa la African Methodist Episcopal na hakuacha kusali hata alipokuwa hana nyumba. Maiti yake ilikutwa katika mto Hudson mwezi Julai 1992. Sylvia, mwenye asili ya Puerto Rico na Venezuela, katika miaka yake ya mwisho alisimamia huduma ya chakula kwa maskini katika Metropolitan Community Church ya New York, akafariki Februari 2002, na makazi ya vijana yaliyofunguliwa na kanisa hilo yakapewa jina lake. Wote wawili walibeba wengi, na waliowabeba wao walikuwa wachache mno.

Huku kwetu magharibi, Askofu Yvette Flunder, aliyekulia katika Church of God in Christ, alianzisha kanisa la City of Refuge jijini San Francisco mwaka 1991, wakati UKIMWI ulipokuwa ukimaliza watu na makanisa mengi yakikataa hata kuwazika. Jina la kanisa hilo, yaani Mji wa Makimbilio, limetokana na ile miji ya makimbilio tunayoisoma katika Hesabu na Yoshua. Ni katika mazingira ya kanisa hilo ambapo kwaya ya injili ya waimbaji transijenda, Transcendence Gospel Choir, ilianza mwaka 2001. Miaka miwili baadaye dhehebu la kanisa hilo, United Church of Christ, lilipitisha azimio la kuwapokea watu transijenda katika ushirika na katika utumishi. Wanakwaya watanielewa nikisema kwamba kuimba sauti ambayo imebadilika, katikati ya wengine ambao sauti zao pia zimebadilika, bila mtu kugeuka kukutazama, ni faraja isiyohitaji mahubiri.

Ninaomba maoni yenu, hasa kutoka kwa walio katika huduma kama hii.

#2. Mchangiaji (Nairobi)

Dada, asante kwa uzi huu. Nimeshiriki jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki tangu ujana wangu, na nguvu yake ninavyoijua ni kwamba mwalimu, mama mboga na daktari wanakaa kwenye viti vya plastiki sebuleni mwa mmoja wao na kusoma Injili ileile. Ndiyo maana nina maswali mawili, na ninayauliza kwa nia njema. Kwanza, kwa nini viongozi wajitenge na watu wao? Pili, kwa nini weusi na Walatino wasikae pamoja na Wazungu, hali wote wanapitia mateso ya aina moja?

#3. Mwanzisha uzi

Kaka, maswali yako ndiyo niliyokuwa nayo mimi mwaka wa kwanza, na nitajibu la pili kwanza.

Mateso si ya aina moja. Kila tarehe 20 Novemba hufanyika ibada za kuwakumbuka watu transijenda waliouawa, siku iliyoanza mwaka 1999 kwa sababu ya Rita Hester, mwanamke mweusi aliyeuawa nyumbani kwake Boston Novemba ya mwaka uliotangulia. Katika majina yanayosomwa Marekani mwaka hadi mwaka, wengi ni wanawake weusi. Kwa mtu mweusi, kwa hiyo, orodha ile ni ya watu aliokula nao. Mmoja wa viongozi aliwahi kunieleza hivi: akienda katika kikundi cha transijenda chenye Wazungu wengi, huishia kueleza ubaguzi wa rangi, akienda katika kanisa la weusi, huishia kueleza jinsia yake, kote kuwili amekwenda kupumzika na amejikuta mbele ya darasa. Ndiyo sababu huko Charlotte, North Carolina, kituo cha Freedom Center for Social Justice kilichoanzishwa na Askofu Tonyia Rawls kiliandaa mikutano ya imani iliyoitwa TransFaith in Color, iliyowalenga hasa watu transijenda wasio Wazungu.

Kuhusu viongozi kujitenga, hawajitengi. Siku sita wako na watu wao, na wengine wanalala nyumba moja nao. Lakini hebu fikiria kiongozi ambaye imani yake imetikisika, au ambaye kodi ya nyumba imemshinda, au ambaye amechoka kiasi cha kuchukia sauti ya simu yake. Akiyasema hayo mbele ya kijana aliyeokolewa naye wiki iliyopita, kijana atashikwa na hofu. Akiyasema mbele ya wafadhili, atapoteza fedha za hifadhi. Akinyamaza, yanamla. Katika jumuiya yenu ndogo ndogo ninaamini padri anakaa kama mmoja wenu, lakini je, dhambi zake anaziungamia pale sebuleni? Anakwenda kwa padri mwenzake.

#4. Mchangiaji (Mombasa)

Dada yangu, assalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Vitabu vyetu vya fiqhi, yaani sheria za dini, vina milango mizima inayomzungumzia huntha, yaani mtu ambaye maumbile yake hayabainishi kama ni mwanamume au mwanamke, anasimama safu gani katika sala na anarithi vipi. Najua hilo si jambo lilelile unalolizungumzia wewe, na wanazuoni wanatofautiana sana juu yake, lakini linanionyesha kwamba waliotutangulia hawakumfukuza mtu safuni kabla ya kumtafutia mahali pa kusimama. Swali langu ni fupi: kiongozi Muislamu anapata nini katika ukumbi wa kanisa?

#5. Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam, Maalim. Swali lako limenigusa mahali penye kidonda, na nitakueleza bila kuficha.

Mwaka wa kwanza nilipika majani ya collard, ambayo kwa hakika ndiyo sukuma wiki yetu, kwa namna wanavyopika wazee weusi wa majimbo ya kusini, yaani kwa mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Nilitaka waonje chakula cha bibi zao. Kiongozi mmoja Muislamu, aliyetoka kazini moja kwa moja, alichukua mkate na maji tu, akasema ameshiba. Alisema hivyo kwa wiki tano. Wiki ya sita mwenzake mmoja ndiye aliyekuja jikoni kuniambia. Mtu aliyekwisha kuzoea kutofikiriwa haombi afikiriwe, na mimi, niliyedhani ninamhudumia, nilikuwa nimemwekea mezani kitu kilichomfukuza. Tangu hapo ninapika kwa vitunguu, nyanya na mafuta, kama nyumbani, na upande wa dirisha pana mkeka wa kusalia sala ya Magharibi.

Waislamu wenyewe wana vikundi vyao pia. Tangu mwaka 2011 wamekuwa wakifanya mafungo ya pamoja upande wa Pennsylvania, na mwaka 2013 wakaunda jumuiya ya Muslim Alliance for Sexual and Gender Diversity. Huko watu husali sala ya jamaa na kukaa siku kadhaa wakisikilizana, na kiongozi huyu ninayemtaja hurudi kutoka huko akiwa na uso mwingine. Anakuja kwetu Jumatatu kwa sababu walio huko wanaishi mbali, na msiba haungoji mafungo.

#6. Mchangiaji (Dodoma)

Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa na umri wangu umekwenda. Nimesoma yote uliyoandika na sitakutukana kama wengine wanavyofanya mitandaoni. Lakini sura ya kwanza ya Mwanzo inasema Mungu aliumba mwanamume na mwanamke. Je, huoni kwamba unamfariji mtu akae palepale anapopaswa kuondoka?

#7. Mwanzisha uzi

Shikamoo, Mzee. Ninakushukuru kwa kusoma mpaka mwisho na kwa kuuliza kwa upole.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, towashi anazuiliwa kuingia katika kusanyiko la Bwana. Katika Isaya 56, Mungu yuleyule anawaahidi matowashi mahali ndani ya nyumba yake na jina lililo bora kuliko kuwa na wana na binti. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Filipo anamkuta towashi Mkushi, mtu mweusi mwenye madaraka katika hazina ya malkia, akirudi kutoka Yerusalemu kuabudu, akisoma garini kitabu cha nabii huyohuyo Isaya. Alipouliza ni nini kinachomzuia asibatizwe, Filipo hakupata jibu la kumzuia. Waliteremka wote wawili majini. Ninajua kwamba towashi wa zamani na mtu transijenda wa leo si kitu kimoja. Ninachokiona ni mtu ambaye sheria ilimweka nje kwa sababu ya mwili wake, mwenye cheo, mwenye rangi yetu, aliyesafiri mbali kusali. Viongozi wale wanaisoma habari hii kama habari ya nyumbani, na dada mmoja aliniambia kwamba kila anapoisoma hujiuliza nani alimpokea yule towashi alipofika kwake, na nani alikaa naye.

Sikuombi ubadili mafundisho yako, Mzee. Ninachokuomba ni umfikirie yule dada mwenye doa la wino, aliyemzika mwenzake mchana na jioni akatafuta mahali pa kulia mbele za Mungu wake. Mimi sikuweza kumfungia mlango, na ninaamini kwamba nawe, ungekuwa umeshika ufunguo ule, usingeweza.

#8. Mchangiaji (kutoka Uganda, sasa Ohio)

Dada, nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni mmoja wa hao viongozi, na nilikuwa kiongozi kabla sijafika huku. Kutoka Kampala nilipitia Nairobi, ambako tangu mwaka 2013 kuna kanisa la Cosmopolitan Affirming Church, na ushirika wa makanisa wa Askofu Flunder uliyemtaja, The Fellowship of Affirming Ministries, umekuwa ukishirikiana na watumishi wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, kwa hiyo uzi huu si habari za Wamarekani pekee. Nyumbani Uganda mambo ni mazito zaidi. Sheria iliyotiwa saini Mei 2023 inaweza kumfunga mtu hadi miaka 20 kwa kile kinachoitwa kukuza ushoga, na transijenda wanahesabiwa humohumo. Kikundi cha maombi hakiwezi kutangaza mahali wala saa.

Jambo moja lilinishangaza huku. Wenzangu Wamarekani hutumia nguvu nyingi kuwaomba watu wawaite kwa kiwakilishi sahihi, kwa sababu Kiingereza kinamtenganisha mwanamume na mwanamke. Katika maombi yangu ya Kiswahili, Mungu ni yeye, mama yangu ni yeye, nami ni yeye. Niliwafundisha neno hilo, na siku hiyo tulifunga kikao kwa kulitamka kila mmoja kwa zamu, tukimtazama aliyeketi kulia kwetu.

Ninataka kuanzisha kikundi cha viongozi waliohamia hapa kutoka Afrika. Tuko wanne. Nianze na nini?

#9. Mwanzisha uzi

Dada au kaka yangu, nisamehe kwa kutojua nikuite vipi, na unielekeze. Wanne wanatosha.

Chumba kiwe kilekile na siku ileile, na ufunguo akae nao mtu asiye kiongozi, ili kiongozi asifike mapema kufungua wala asichelewe kufunga. Chakula kiwe tayari kabla hawajafika. Nauli itafutwe na watu wa nje, kwa maana wengi wa viongozi hawa hawalipwi, na aibu ya kukosa nauli humfanya mtu aseme ana shughuli. Simu huwekwa katika kikapu, isipokuwa moja ambayo mwezeshaji huishika kwa ajili ya dharura. Hakuna picha, hakuna kumbukumbu za kikao, hakuna ripoti kwa mfadhili yeyote; mwaka wa pili mfadhili mmoja alitaka orodha ya mahudhurio, na wenyewe waliamua kuziacha fedha zake. Mambo ya miradi hayazungumzwi. Kila mtu husema lililo moyoni mwake na hashauriwi, kwa sababu kutwa nzima wamekuwa wakitoa ushauri; husikilizwa, kisha hufuata ukimya, kisha anayependa huimba.

Mwezeshaji wetu ni mzee mmoja mweusi, mwanamume transijenda, aliyestaafu kazi ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia kufa. Usimchague mtu hodari wa kusema. Mchague anayestahimili kukaa kimya mtu analia.

Zaidi ya vikao, watafutie mahali pa kwenda kulala. Miss Major Griffin-Gracy, aliyefariki Oktoba 2025 baada ya zaidi ya miaka hamsini ya kuwatetea wanawake transijenda weusi, hasa waliofungwa magerezani, alihamia Little Rock, Arkansas, na akatengeneza huko nyumba na bustani ili viongozi transijenda wa majimbo ya kusini waje wapumzike, wale na walale bila kudaiwa chochote. Wengi walimwita Mama. Aliyajua mapambano kuliko wengi wetu, na alichokijenga uzeeni kilikuwa vitanda na meza ya chakula.

Na wewe mwenyewe, unayeanzisha, usiwe mwezeshaji. Ukiwa mwezeshaji utakuwa umejitafutia kazi nyingine. Mtafute mtu wa nje, awe mwanakanisa au jirani, asiyetaka kujua habari za watu, akupikie na akuoshee vyombo. Mimi saa tatu usiku husikia viti vikisogezwa, mlango unafunguliwa, na wanatoka mmoja mmoja wakichukua simu zao kikapuni. Wengine hunikumbatia, wengine hupita tu, na vyote ni sawa. Mzee huja wa mwisho na sinia la vikombe. Yeye huosha, mimi hukausha, na mara nyingi tunamaliza bila kusema neno.